Matundu Saba ya Bibi Tupokigwe

Wana ukoo, someni hii mpaka mwisho kabla hamjamtumia mtu mwingine. Nawajua, mnasambaza vitu hamjavisoma, halafu mtu akiwauliza kimesema nini mnabaki kutoa macho.

Kuna neno dogo tunalitamka kutwa bila kulifikiria: tundu. Sindano ina tundu, na isingekuwa nalo ingekuwa mwiba tu wa chuma. Mlango una tundu la ufunguo. Chujio la chai ni matundu tu, basi. Pua ina mawili, na ukipata mafua ndipo utajua kazi yake. Hata shule siku hizi tunaipima kwa matundu ya vyoo, na mwalimu mkuu akisimama kwenye kikao cha wazazi kilio chake ni kwamba yamepungua sita. Lakini mtu huyohuyo akiona tundu kwenye ukuta wa chumba chake, anakimbilia udongo au tambara alizibe upesi. Hadithi yangu ni ya tundu hilo la ukutani. Na kuna mtu humu kwenye kundi inamhusu, ila jina lake sitalitaja.

Zamani, huku kwetu milimani, ambako mvua haijui kupumzika na baridi ya mwezi wa sita inamlaza hata ng'ombe, palikuwa na mtemi. Sisi mtemi humwita malafyale. Alikuwa mtu wa haki, sitamsingizia, ila alikuwa na jambo moja lililomkosesha raha: maneno ya nyumbani kwake yalikuwa yanatoka nje. Akizungumza na washauri wake watatu leo, kesho wanawake wanaouza ndizi sokoni wanayajua yote, tena yameongezwa chumvi. Siku moja alitania kwamba mtemi mwenzake wa ng'ambo ya mto anakula kama mtu aliyetoka kufungwa. Siku ya tatu yake jirani yule akamtumia salamu, akiuliza kama chakula cha kwake kinatosha au amwongezee.

Malafyale akaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akamwita mshauri wake mkuu, Gwamaka, mzee wa maneno laini na mwendo wa taratibu, akamwambia atafute maneno yanatokea wapi. Gwamaka akazunguka nyumba zote za boma, akashika kuta, akachungulia juu, kisha akarudi na jibu. Alisema chini ya mapaa kuna vitundu vinavyoachwa na wanawake wanaosiriba kuta kwa udongo. Maneno, akasema, ni upepo, na upepo hupita popote panapopita kidole.

Siku hiyohiyo ikatoka amri. Matundu yote ya boma yazibwe. Na mtu yeyote atakayetoboa tundu kwenye nyumba ya Malafyale, hata la kupita sisimizi, kidole kilichotoboa kitakatwa barazani mbele ya watu wote.

Sasa, katika nchi ile alikuwapo msiribaji mmoja, mjane wa miaka sitini na ushee, Bibi Tupokigwe. Kazi ya msiribaji ni kuupaka ukuta wa mianzi udongo kwa kiganja, udongo uliokandwa na samadi na majivu, mpaka ukuta ulainike. Hakuna aliyemfikia. Hakuwa na mtoto wala shamba la maana. Mkono wake wa kulia ndio uliokuwa shamba lake, ndio uliomlisha.

Malafyale alikuwa na binti mmoja tu, Atuganile. Binti huyu alikuwa ameolewa, ameharibikiwa na mimba mbili, na ya tatu ilipokomaa akarudishwa kwao ajifungulie kwa baba yake. Akajengewa nyumba ndogo mpya nyuma ya boma, na Bibi Tupokigwe akaitwa kuisiriba. Gwamaka akamsomea amri neno kwa neno, akamwonyesha kidole. Bibi akajibu kwamba amesikia, na kusikia kweli alikuwa amesikia.

Alisiriba siku tatu. Siku ya tatu, alipobaki peke yake, akachovya kidole chake cha shahada kwenye maji, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akatoboa chini ya paa, pale majani ya paa yanapofunika, matundu saba. Kwa wasiribaji wa zamani kutoboa ndiko kumaliza. Ukuta usiotobolewa haujaisha, ni kama chungu kisichochomwa.

Msidhani hakuogopa. Alitoboa huku anaogopa.

Atuganile akajifungua salama, mtoto wa kike. Boma zima likashangilia, na Malafyale mwenyewe akaonekana akifuta macho. Kwa desturi yetu mzazi hatoki nje mpaka siku zake zitimie, na mwanamume haingii. Ndani huwekwa kigae kikubwa cha makaa ili mama na mtoto wapate joto. Shangazi mmoja hukaa naye na kufunga mlango kwa komeo toka ndani. Shangazi wa Atuganile alikuwa mwanamke wa mdomo mwepesi, ambaye ukikohoa tu nje ya ukuta anakuuliza unaumwa nini.

Asubuhi ya siku ya nne palikuwa na ukungu na baridi ya kukata. Gwamaka akapita nyuma ya ile nyumba. Akainua macho, akaona moshi mwembamba ukitoka chini ya paa, nyuzi saba zilizopangana. Akahesabu mara ya pili, zikawa saba. Alipofika kwa Malafyale kutoa habari alikuwa na udongo mbichi kwenye viganja, na hakuna aliyemuuliza ametoka kushika nini.

Jua halijapanda sana, baraza likawa limejaa. Gogo la kukatia nyama likawekwa katikati, na panga juu yake. Bibi Tupokigwe akaletwa na walinzi wawili, bado ana udongo wa nyumba ya mtu mwingine kwenye viwiko. Watu wakampisha. Wengi walikuwa wanalala katika nyumba alizozisiriba yeye.

"Ulitoboa?" Malafyale akauliza.

"Nilitoboa, Malafyale."

"Mangapi?"

"Saba."

"Saba," Gwamaka akadakia. "Nimeyahesabu mwenyewe."

Malafyale akamuuliza kama hakusikia amri. Akasema aliisikia. Akamuuliza basi ni kiburi gani hicho, mama mtu mzima kuidharau amri ya nchi, tena kwenye nyumba ya mtoto wake wa pekee. Na hapo Bibi akaomba aseme, akaruhusiwa.

Hakusema mengi. Alisema alipokuwa mke kijana alijifungua mtoto wa kiume katika mwezi wa baridi kama huu. Mume wake, kwa kumpenda yule mtoto, aliziba kila upenyo wa nyumba kwa udongo, akaweka moto wa makaa, akafunga mlango. Asubuhi yeye aliamka anatapika na kichwa kinapasuka, na mtoto hakuamka. Watu walisema ni uchawi, na mama mkwe akasusiwa na kijiji kizima mpaka akafa akiitwa mchawi. Miaka mingi baadaye aliona kuku watano wamekufa kwenye kibanda kilichosiribwa bila tundu, kigae cha makaa katikati, na hapo akaelewa kilichomuua mwanawe. Toka siku hiyo hajawahi kuacha ukuta bila kuutoboa, na hataacha.

"Pua yako ina matundu mawili, Malafyale," akasema. "Hakuna anayesema ni kasoro. Na nyumba nayo lazima ivute pumzi."

Baraza likaguna. Malafyale akainama akitazama miguu yake. Moyo ulimlainika, nawaambia, lakini amri alikuwa ameitoa kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu walewale. Mtemi akirudisha neno lake leo, nani atamsikiliza kesho? Hivyo ndivyo alivyojiambia. Aibu hiyohiyo iliyoanzisha yote ndiyo iliyomziba masikio.

Akaashiria kwa mkono. Walinzi wakamsogeza Bibi mpaka kwenye gogo. Yeye hakung'ang'ana. Akapiga magoti, akanyoosha kidole cha shahada juu ya gogo, vingine akavikunja. Mlinzi akachukua panga.

"Naomba kitu kimoja," Bibi akasema. "Kidole chukueni. Matundu yaacheni mpaka mzazi atoke."

Gwamaka akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetangulia hatua. Akasema asihangaike na hilo. Yeye mwenyewe amekwisha kuyaziba, yote saba, toka asubuhi na mapema, kwa udongo mzuri, tena ameyalainisha.

Bibi Tupokigwe akageuza shingo akamtazama. "Na moto?" akauliza polepole.

Gwamaka akasema moto upo, tena baridi ilivyo kali wanawake wameongeza kigae cha pili.

Bibi akakitoa kidole chake juu ya gogo.

"Nikateni baadaye," akasema. "Mkitaka mkono mzima, chukueni. Fungueni ule mlango kwanza."

Gwamaka akasema ni hila ya kuponya kidole. Walinzi wakamshika mabega. Bibi akawaponyoka kwa namna ambayo mpaka leo hakuna anayeweza kuieleza, akakimbia kuelekea nyuma ya boma huku kanga yake inaburuta. Walimkamata hatua chache kutoka kwenye ile nyumba. Hapo akasimama akaita kwa nguvu zake zote: "Atuganile! Mwanangu, Atuganile!"

Kimya.

Malafyale alikuwa anakuja nyuma yao kwa hasira, na kile kimya kikamsimamisha. Akakohoa. Shangazi hakuuliza nani anaumwa. Akagonga mlango kwa ngumi, akamwita dada yake kwa jina la utotoni, lile ambalo lazima alijibu hata akiwa amenuna. Hakuna kitu. Mtoto mchanga wa siku nne, na hata kilio hakisikiki.

Basi wazee, mtemi wa nchi alitupa fimbo yake. Chini ya mti uliokuwa karibu palikuwa na kinu na mchi. Akauchukua mchi akaupiga kwenye mlango, komeo likakataa. Bibi Tupokigwe akapiga kelele kwamba aache mlango apige ukuta, pale kwenye kona, mianzi ya pale ni myembamba anaijua. Walinzi wakamwachia. Malafyale akapiga, Bibi akang'oa udongo kwa kucha, udongo aliousiriba mwenyewe, mpaka ukuta ukamegeka na joto zito likawapiga usoni.

Malafyale akaingia, mila au si mila. Akamkuta dada yake amelala kifudifudi karibu na kigae, akamburuta nje. Akarudi akamtoa Atuganile, ambaye midomo yake ilikuwa na rangi ya mtu mwenye afya, na hilo ndilo lililotisha, kwa sababu alikuwa hajitambui kabisa. Wakawalaza kwenye baridi. Bibi akawapepea, akawapiga mashavu, akawamwagia maji. Shangazi akatapika. Muda ukapita, muda mrefu kuliko yule baba alivyoweza kuvumilia, kisha na Atuganile akavuta pumzi kwa kishindo, akafumbua macho, akauliza neno moja tu.

"Mtoto?"

Hakuna aliyekuwa amemtoa mtoto. Malafyale aliingia mara mbili na mara mbili hakumwona. Sasa aliingia mara ya tatu, na wanaosimulia wanasema alitembea kama mtu anayekwenda kuzika. Akapapasa kitandani, akainua ngozi ya ng'ombe aliyolalia binti yake. Upande wa ukutani, chini kabisa, ndani ya nguo, palikuwa na mtoto.

Alikuwa amelala. Si kulala kule tulikokuwa tunakuogopa. Alikuwa amelala kwa raha zake, amekunja ngumi, na nywele zake laini za mbele zilikuwa zinapepea.

Malafyale akatazama kinachopepea zile nywele. Akaweka kiganja ukutani, akahisi upepo baridi mwembamba ukimpiga katikati ya mkono. Akatoka nje na mtoto kifuani, akamsimamia Bibi Tupokigwe.

"Ulisema matundu saba."

Bibi akapiga magoti kwenye udongo uliomegeka. "Nilidanganya baraza, Malafyale. Yalikuwa manane. Saba ya juu huonekana, na niliyatoboa nikijua yakionekana yatazibwa. La nane niliweka chini, upande wa ukutani anakolazwa mtoto, nikalificha kwa nje na jiwe lenye upenyo. Nilijua mtu akipata saba hatatafuta jingine."

Watu wakatazamana. Sasa makosa yalikuwa matatu: ametoboa, amedanganya baraza, na amesababisha nyumba ya mtemi kubomolewa. Malafyale akampa binti yake mtoto. Akamshika Bibi mkono wa kulia, akamrudisha barazani, na watu wote wakafuata. Akaupita uga, akafika kwenye gogo, akachukua panga. Mwanamke mmoja akaanza kulia.

Malafyale hakusimama kwenye gogo. Alimpeleka Bibi ndani ya nyumba ya baraza, mpaka kwenye kiti chake, na nyuma ya kiti akaanza kukwangua ukuta uliokauka kwa ncha ya panga. Alikwangua mpaka jasho likamtoka. Tundu lilipokaribia kupenya, akasogea pembeni.

"Malizia," akamwambia. "Kwa kidole kilekile."

Bibi Tupokigwe akasukuma kwa kidole cha shahada, na mwanga mdogo ukaingia ukaangukia kwenye kiti cha mtemi.

Ndipo Malafyale alipomgeukia Gwamaka. Akamwambia kwa upole kwamba toka matundu yote ya boma yazibwe ni miezi miwili sasa. Je, maneno yaliacha kufika sokoni? Watu wakajibu kwa niaba yake kwamba hayakuacha hata siku moja. Akauliza basi yalikuwa yanapitia wapi, kama si ukutani. Washauri wawili wakamtazama wa tatu. Gwamaka akatazama udongo uliokaukia kwenye viganja vyake.

"Malafyale," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "mimi nilikuwa namwambia mke wangu tu."

Hakukatwa kitu. Alipewa kazi ya kuzunguka nchi nzima, nyumba kwa nyumba, akiwa na ndoo ya maji, kumshikia Bibi Tupokigwe kinu cha kupandia wakati anatoboa. Wanasema alikuja kuwa hodari wa kukishika.

Hadithi imefika mwisho wake, na mimi nimekaa na simu mkononi nikiangalia mvua. Huyu mtoto wa kaka yangu ana mtoto wa wiki mbili, na juzi nilipokwenda kumsalimia mzazi nilikuta jiko la mkaa katikati ya chumba, mlango umefungwa, na dirisha limeshonewa nailoni mpaka kwenye pembe. Nikisema naambiwa shangazi una maneno mengi. Ambokile, nilisema sitakutaja, nimekutaja. Toa jiko nje sasa hivi, halafu ukate ile nailoni. Ukimaliza nipigie nisikie sauti ya mtoto.

Funzo: Si kila tundu ni kasoro. Anayeziba kila upenyo kwa hofu ya kinachotoka, bila kufikiri kinachoingia, huwanyima pumzi walewale anaotaka kuwalinda, awe mtemi kwenye nchi yake au mzazi kwenye chumba chake.